Mshipa wa Namba 31

Kinyozi alipozinduka kutoka kwenye usingizi wa dawa, kitu cha kwanza alichofanya ni kupapasa kifua. Alitegemea kukuta mshono mrefu kama wa gunia la mkaa. Hakukuta hata plasta. Akaangua kilio, maana alijua ameshakufa, na huko alikofika watu wanagawiwa vifua vipya.

Hiyo ilikuwa jana mchana. Leo, saa mbili na robo asubuhi, alikuwa ameketi kitandani na kikombe cha chai, akiwahadithia wagonjwa wenzake jinsi daktari mpasuaji alivyoinua kisu, akakitazama, akakirudisha kwenye sinia. Kisu chenyewe hakukiona, alikuwa anakoroma. Lakini kinyozi asiyetia chumvi atamkalisha nani kwenye kiti chake?

Kwanini alivuta stuli akaketi. Jina hilo lilimganda tangu enzi zake za polisi, kwa sababu aliwauliza washukiwa "kwa nini?" mpaka wakakiri ili wapumzike. Siku hizi alifanya kazi na kamati ya maadili ya utafiti, ile inayohakikisha madaktari wanaojaribu dawa mpya hawajaribu na uvumilivu wa watu. Mkononi alikuwa na faili la kinyozi. Juu yake hapakuwa na jina. Palikuwa na namba tu: 31.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa bima?"

"Mimi ndiye wa maswali."

"Basi umefika. Mimi ni wa majibu."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Watu sitini na wanne walikuwa kwenye utafiti wa mshipa mkuu wa damu, ule mnene unaotoka moyoni kama bomba kuu la maji la mtaa. Kwa watu hawa mshipa ulikuwa umeanza kupanuka. Unapopanuka unazidi kuwa mwembamba, na ukipita milimita hamsini na tano unaweza kupasuka wakati mtu anafunga kamba za viatu. Nusu yao walipewa dawa mpya, nusu walipewa kidonge kitupu, na kila miezi sita wote walipimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Kinyozi alianza na milimita thelathini na nane. Safari ya mwisho faili lake likaonyesha sitini na moja. Alipokuja dirishani kuchukua vidonge namba yake ikaitwa haraka, akalazwa, akalazwa tena juu ya meza ya upasuaji. Daktari wa usingizi akapitisha kipimo kooni kwa mara ya mwisho kabla ya kisu, na kioo kikaonyesha thelathini na tisa.

"Huyu nimfungue nitafute nini?" daktari mpasuaji aliuliza.

Sasa swali lilikuwa moja. Nani aliandika sitini na moja?

"Mzee, siku uliyopimwa ilikuwaje?"

"Safi kabisa. Niliingia, nikapakwa ule utelezi wa baridi, nikaambiwa vuta pumzi, achia pumzi, nikatoka. Saa tatu na nusu nilikuwa dukani, mashine mkononi. Kulikuwa na bwana harusi ananisubiri, na bwana harusi akikaa sana anaanza kufikiri."

"Saa tatu na nusu. Una uhakika?"

"Mwanangu, ningechelewa harusi ile ingevunjika. Andika."

Kwanini akaandika. Kinyozi akajilaza kwa raha, na miguu yake, yenye soksi za mistari, ikaishia robo tatu ya kitanda.

*

Daktari mpasuaji alimdaka kwenye korido, bado ana hasira za jana.

"Dada, usizunguke sana. Nenda kwa Profesa. Utafiti ni wake, dawa ni mtoto wake. Kuna namba kwenye utafiti ule ambayo imemfanya atembee anapiga mluzi wiki nzima. Muulize namba kumi na tisa."

"Kwa nini usimuulize wewe?"

"Mimi nikimuuliza tutapigana, na nina mikono ya kulinda."

Ofisi ya Profesa ilikuwa imejaa karatasi mpaka mgeni alilazimika kuchagua rundo la kukalia. Ukutani palikuwa na mchoro mkubwa, mistari sitini na minne ikipanda taratibu. Mmoja ulikuwa umeruka juu. Huo ulikuwa wa kinyozi. Na mmoja ulikuwa umeanguka chini, na Profesa alikuwa ameuzungushia kalamu nyekundu mara nne, kama mtoto aliyeona jina lake gazetini.

"Namba kumi na tisa," Profesa alisema kabla hajaulizwa. "Arobaini na nane kwenda thelathini na tisa. Kwa miezi sita. Unaelewa maana yake?"

"Nieleweshe kama mtu aliyefeli baiolojia."

"Mshipa huu ukishapanuka haurudi. Tunachojaribu ni kuupunguzia mwendo, basi. Huyu wake umesinyaa. Sijalala siku tano."

"Umeshawahi kuona ukisinyaa?"

"Hapana. Wala mwalimu wangu. Wala mwalimu wa mwalimu wangu."

Kwanini alitazama tarehe chini ya mchoro. Siku moja. Mmoja alipanda milimita ishirini na tatu, mwingine akashuka tisa, siku hiyo hiyo, mashine hiyo hiyo.

"Profesa, dawa ikifanikiwa nani anafaidika zaidi?"

Profesa akavua miwani. "Wagonjwa."

"Na baada ya wagonjwa?"

"Sema unachotaka kusema."

"Nasema hivi. Mtu akitaka kuikweza dawa, anashusha kipimo cha aliyeinywa na kupandisha cha aliyekula kidonge kitupu. Hapa nina cha kushuka na nina cha kupanda."

Profesa alisimama, na rundo moja la karatasi likamfuata mpaka chini. "Sijui nani amepewa nini. Sijui hata namba kumi na tisa ni mwanamume au mwanamke. Nimejifunga macho kwa makusudi, dada, ili mtu kama wewe asije akanikalia ofisini kwangu na kuniambia hayo unayoniambia. Majina yako kwenye bahasha iliyofungwa kwa nta, kwenye kabati la Sista, muuguzi wetu. Kazi yangu ni namba tu. Hata barua niliyomwachia dirishani, wanapochukulia vidonge kwa namba, niliandika 'Mpendwa Namba Kumi na Tisa.'"

"Barua gani?"

"Ya habari njema. Alikuwa amezuiwa kazi nzito. Nimemwandikia kipimo kimeshuka, arudi kwenye shughuli zake."

Kwanini alitoka akiwa ameshaandika "Profesa" kwenye daftari na kupigia mstari. Mstari mmoja tu. Kuna kitu kilimkera. Mwongo mwenye akili angeshusha mshipa milimita moja, akakaa kimya. Huyu alikuwa anajisifu kwa muujiza usioaminika, tena kwa kalamu nyekundu.

*

Aliyepima aliitwa Popo. Miaka kumi na moja kwenye chumba chenye giza ilimfanya apepese macho hata mbele ya mshumaa. Chumba chake kilikuwa na mashine, kitanda chembamba, na pazia zito lililokatiza kitanda pale penye shingo ya mgonjwa. Kichwa kilibaki upande mmoja, Popo upande mwingine.

"Kwa nini pazia?" Kwanini aliuliza.

"Amri ya Profesa. Nisione sura, nisijue jina, umri wala historia. Nikijua mtu ni mgonjwa sana mkono wangu utavuta kipimo kiwe kikubwa bila mimi kujua. Kwa hiyo naona kadi ya namba inayoning'inia hapa kwenye ndoano, naona kifua, basi. Nina marafiki wengi mjini ambao nikikutana nao wamevaa shati siwafahamu."

"Nataka picha ya thelathini na moja."

Popo akaifungua. Mshipa ulijaa kioo, mweusi, mpana, ukitetemeka kila moyo ulipopiga.

"Pima."

Alipima. Sitini na moja. Kwanini akamwambia afute, apime tena. Sitini na moja. Akamwomba afumbe macho, ahesabu mpaka ishirini, afumbue, apime. Sitini.

"Mkono unazeeka," alisema Popo.

"Mkono wako uko sawa kabisa. Na ndicho kinachonitia baridi." Kwanini alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Hakuna aliyeandika uongo. Hakuna tarakimu iliyofutwa. Mshipa wa sitini na moja ulikuwepo kweli, ulilala kwenye kitanda hiki, ulivuta pumzi na kuachia. "Popo, huyu mtu unamkumbukaje?"

"Nimekwambia, simwoni."

"Ulikuwa naye robo saa. Hukumbuki hata alivyonuka?"

Popo akafikiri, macho yakipepesa. "Miguu," alisema mwishowe. "Ilitoka nje ya kitanda. Nilijigonga nayo nilipozunguka kuchukua karatasi. Nikamwambia, kaka, ikunje, hapa ni njia."

Kwanini akakumbuka soksi za mistari, zimeishia robo tatu ya kitanda cha wodini, ambacho urefu wake ni sawa na hiki.

"Saa ngapi?"

"Mashine inaandika yenyewe. Hii hapa kwenye pembe. Saa tano na dakika arobaini."

"Na namba kumi na tisa?"

Popo akabonyeza. "Saa tatu kasoro dakika tano."

Saa tano na dakika arobaini kinyozi alikuwa dukani kwake tangu saa tatu na nusu, anamnyoa bwana harusi asije akabadili mawazo. Na kipimo cha namba kumi na tisa, kile cha muujiza, kilikuwa thelathini na tisa. Jana, kooni kwa kinyozi, kioo kilionyesha thelathini na tisa.

Mshipa haukusinyaa. Mshipa ule ulikuwa wa kinyozi.

"Mungu wangu," alisema Popo, ambaye hakuwa mjinga. "Kwa hiyo mwenye hii sitini na moja..."

"Ana barua mfukoni inayosema amepona."

Kwanini hakukumbuka kufunga mlango. Popo alipiga ukelele kwa sababu ya mwanga.

*

Kinyozi alikuwa amefika pale kwenye hadithi ambapo kisu kilimulika dari, alipomwona Kwanini amesimama miguuni pake anahema.

"Mzee. Siku ile uliingia na kadi ya nani?"

Kikombe kikasimama njiani. "Kadi yangu."

"Kwa nini unanidanganya wakati nimekuheshimu?"

"Sikuiba," kinyozi alisema upesi. "Alinipa mwenyewe. Nilifika nimechelewa, Sista akanipa ile kadi yangu ya thelathini na moja, na kule wanaita kwa kufuata namba. Nikasema leo nimekwisha, zamu yangu itafika adhuhuri. Kijana jirani yangu kwenye benchi ana kumi na tisa. Akaniona natazama saa kila dakika. Akasema, mzee, mimi sina haraka, chukua yangu utangulie. Kijana ana adabu. Mbona pale kliniki ya macho tunabadilishana kila siku? Na kwa daktari wa meno? Kadi ni kadi, mwanangu. Ni ya foleni."

Hapo ndipo penyewe. Kwa Profesa, namba ile ilikuwa ndiyo mtu: mshipa wake, dawa yake, faili lake. Kwenye benchi, ilikuwa namba ya foleni, na mtu mwenye malezi mema humpisha mkubwa wake. Hakuna aliyewaambia tofauti, kwa sababu waliotunga utaratibu ule hawajawahi kukaa kwenye benchi.

"Ni nani huyo kijana?"

"Hatuitani majina kule, tumekatazwa. Mrefu. Mrefu wa kuinama mlangoni. Vidole vyake, nikasema hivi vingekuwa vyangu ningenyoa wawili kwa mpigo. Halafu muda wote alikuwa anatetemesha midomo. Hivi." Kinyozi akabana midomo akapuliza, *prrrrrr*, na chai ikamrukia mgonjwa wa kitanda cha pili.

Sista aligoma kufungua bahasha. Nta ile ilikuwa haijaguswa tangu utafiti uanze, na kuivunja ni kuharibu kazi ya miaka mitatu. Ni Profesa mwenyewe aliyefika akaisikiliza habari yote akiwa amesimama, akatazama bahasha, akaipasua kwa meno.

"Kumi na tisa," alisoma. "Umri ishirini na sita. Kazi: mpiga tarumbeta."

Hakuna aliyecheka. Mtu anayepuliza tarumbeta hubana pumzi kifuani mpaka mishipa ya shingo inasimama. Kwa mshipa wa milimita sitini na moja, hiyo ni sawa na kuendesha baiskeli juu ya seng'enge.

Simu ya kijana iliita bure. Namba ya pili ilikuwa ya mama yake.

"Yuko kwenye mashindano ya bendi, ukumbi wa manispaa," mama alisema, na furaha ikasikika mpaka kwa Sista. "Wanapanda saa sita. Miezi sita hajaigusa tarumbeta yake kwa ajili ya moyo, na sasa daktari amempa ruhusa kwa barua. Tangu juzi nyumba haikaliki. Wewe ni shabiki?"

Kwanini alitazama saa ya ukutani. Saa sita kasoro dakika kumi na nane.

"Sana, mama," alisema. "Mimi ni shabiki wake mkubwa."

*

Ndani ya gari la wagonjwa, Profesa alitoa masharti akiwa ameshika dari kwa mikono miwili.

"King'ora kizimwe kabla hatujafika. Usimpigie kelele. Usimshtue. Asikimbie, asigombane, asikasirike. Presha ikiruka, ndiyo basi."

"Kwa hiyo nimzuie mwanamuziki katikati ya mashindano, mbele ya umati, bila kumkasirisha."

"Ndiyo."

"Ningependelea jambazi mwenye bunduki."

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Bendi ilikuwa imeshaanza. Ngoma zilitembea, saksafoni zikafuata, na nyuma kabisa, kichwa na mabega juu ya wenzake, alisimama kijana mrefu mwenye koti jekundu ambalo mikono yake iliishia mbali na viganja. Tarumbeta ilikuwa imening'inia mkononi. Alikuwa anasubiri. Jasho lilimtoka kuliko wenzake wote, na kila mara alijinyoosha mgongo na kukunja uso.

"Kipande chake ni cha mwisho," bwana mmoja alimwambia Kwanini bila kuulizwa. "Kuna noti anaishika mpaka watu tunatazama saa. Zamani, kabla hajaugua. Leo ndiyo anarudi. Kiongozi ni mjomba wake, yule mwenye fimbo."

Kwanini alipanda jukwaani kwa ngazi za pembeni. Alitaka kukimbia. Miguu yote miwili ilimwomba. Akatembea polepole, anatabasamu, kama mtu aliyetumwa kurekebisha kipaza sauti, mpaka akafika ubavuni kwa Mjomba.

"Shikamoo, mzee. Usigeuke, endelea kuongoza."

"Dada, shuka."

"Nimetoka hospitali. Mpwa wako asipulize."

"Ana barua." Fimbo haikukosa pigo hata moja.

"Barua ni yake, kipimo si chake. Walibadilishana kadi kwenye foleni. Mshipa wake umezidi sitini. Nimeuona kwa macho yangu."

"Mwaka wa tatu huu tunashika nafasi ya pili. Nafasi ya pili, dada. Unajua inavyouma? Umetumwa na bendi gani?"

Saksafoni zilianza kupanda. Kijana alilamba midomo, akainua tarumbeta mpaka kifuani.

Kwanini hakuwa na hila iliyobaki. Alimuuliza swali lake. "Mzee, kwa nini kijana huyu alianza kupimwa moyo?"

Pigo moja likapita, la pili likapita.

"Baba yake," Mjomba alisema, na sasa hakuwa anamjibu Kwanini. "Shemeji yangu. Alikuwa mrefu hivyo hivyo. Aliinama kuokota funguo sebuleni kwangu, hakuinuka. Tulisema karogwa, ni mambo ya watu."

Halafu alifanya jambo ambalo Kwanini angelisimulia kwa miaka. Alizungusha kidole hewani, rudieni, na bendi nzima ikarudia kiitikio bila kujua sababu. Akampa mpiga filimbi fimbo ya kuongozea. Akatembea katikati ya wanamuziki, taratibu, akicheza mabega, mpaka kwa mpwa wake. Akampigia saluti. Kisha akaitoa tarumbeta kwenye vidole vile virefu, kimoja kimoja, akamshika mkono, akamtoa jukwaani wakicheza wote wawili. Watu walisimama wakapiga makofi, wakidhani ni onyesho.

Nyuma ya pazia kijana aliacha kucheza.

"Mjomba, unaniaibisha kwa nini?"

"Nyamaza. Kaa chini. Ukikasirika nitamwambia mama yako."

Profesa alikuwa ameshapiga goti, amefunga kipima presha mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Alirudia wa kushoto. Mikono miwili ya mtu mmoja ilikuwa na presha mbili tofauti kabisa, na Kwanini hakuhitaji baiolojia kusoma uso wa Profesa.

"Mgongo unauma, kijana?"

"Kidogo. Tangu saa nne, tulipokuwa tunapasha. Kama mtu amenichoma katikati ya mabega. Mazoezi hayo, nilikaa sana." Akatoa barua kwenye koti. "Daktari aliandika nimepona. Soma, hii hapa."

"Mimi ndiye niliyeiandika," alisema Profesa. "Nilikosea mtu. Mshipa wako umeanza kuchanika kwa ndani, na nakuomba ulale kwenye machela hii bila kujikaza hata kidogo."

Kijana alimtazama Mjomba. Mjomba, aliyeshikilia tarumbeta kama mtoto mchanga, alitikisa kichwa kukubali. Kijana akalala. Miguu ikatoka nje ya machela.

"Naomba msinigonge milangoni," alisema.

*

Daktari mpasuaji alianza saa nane na robo. Mjomba na dada yake walikaa kwenye korido bila kusemeshana. Popo alitoka kwenye giza lake akasimama nao, anapepesa macho. Kinyozi, aliyekuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani tangu asubuhi, alikataa kwenda.

"Nilipomchukulia kadi nilimshukuru," alimwambia Kwanini. "Nilimwambia, kijana, Mungu akuzidishie. Sasa nakaa hapa mpaka nijue nilimfanya nini."

Saa kumi na mbili kasoro robo mlango ulifunguka. Mpasuaji alivuta barakoa, akamtafuta mama kwa macho.

"Yuko hai," alisema. "Ukuta uliobaki ulikuwa mwembamba, niliona damu ikizunguka upande wa pili. Nimekata kipande kibovu, nimeshona bomba jipya la kitambaa. Moyo umeanza wenyewe, sikuulazimisha. Kama angefika saa moja baadaye ningekuwa naongea na nyinyi kwa lugha nyingine."

Mama aliketi sakafuni. Mjomba aliuliza kama atapuliza tena.

"Muulize mwakani," alisema mpasuaji. "Na usimuulize mbele yangu."

Kesho yake asubuhi Kwanini na Profesa walisimama mbele ya benchi la utafiti. Watu kumi na wanne walikuwa wameketi wanasubiri kipimo, kadi shingoni. Kwenye daftari la Kwanini jina la Profesa lilikuwa bado na mstari chini yake. Asubuhi hiyo alilikata na hakuandika jingine. Profesa hakuwa amepiga mluzi tangu jana.

"Habari zenu," Kwanini alisema. "Nina swali moja, na hakuna atakayekosa dawa wala kufokewa. Tangu utafiti huu uanze, kuna mtu amewahi kubadilishana kadi na mwenzake? Kumpisha mkubwa, au mwenye mtoto, au mwenye haraka?"

Mzee mmoja wa mwisho wa benchi akakohoa, akainua mkono nusu, kama anayekuna sikio. Mama aliyekuwa kando yake akamtazama, akainua wake. Halafu wawili kwa pamoja. Halafu bibi mwenye fimbo akaeleza kwamba yeye hajawahi kuomba, anapewa tu, watoto wa siku hizi wana adabu sana.

Profesa alihesabu mikono. Ilikuwa tisa. Alihesabu tena, kwa kidole, midomo ikitembea, na Kwanini aliona miaka mitatu ikimtoka machoni, mstari baada ya mstari, ile sitini na minne yote ya ukutani. Lakini hakuketi. Alizigusa kadi shingoni mwao, moja baada ya nyingine, akazivua zote akampa Sista.

"Sista, toa pazia kule ndani. Popo nampa tochi ajizoeshe," alisema. "Wote mnapimwa upya leo, na wengine wote waitwe kabla ya jua kuzama."

Kisha akapiga goti mbele ya bibi mwenye fimbo.

"Shikamoo, bibi. Tuanze na wewe. Jina lako nani?"